Ridhaa Kabla ya Kidakuzi: Wajibu wa Mwenye Tovuti

Kidakuzi ni kipande kifupi cha maandishi ambacho tovuti hukiweka kwenye simu au kompyuta ya mgeni kupitia kivinjari chake. Mgeni akifungua ukurasa mwingine wa tovuti hiyo, kivinjari hukirudisha kidakuzi kwa seva, na seva ikatambua kuwa huyu ndiye yule aliyekuja muda mfupi uliopita. Wengi hukiita kuki. Ndani yake hamna picha wala programu. Huwa na jina, mfululizo wa herufi na tarakimu, na mara nyingi tarehe ya kuisha. Kinafanya kazi kama kibandiko cha mzigo kwenye stendi ya basi: hakitaji sura ya mwenye mzigo, lakini namba iliyo juu yake inatosha kumuunganisha na sanduku lake.

Kilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape ya Marekani, ili kuondoa usumbufu wa kawaida kabisa. Itifaki inayosafirisha kurasa za intaneti haina kumbukumbu. Kila ombi linaifikia seva kama limetoka kwa mtu asiyewahi kuonekana. Bila namna ya kumkumbuka mteja, kikapu cha duka la mtandaoni kingekuwa kitupu kila anapogeukia ukurasa wa pili. Kidakuzi kiliziba pengo hilo, na mpaka leo ndicho kinachomwezesha mtu kuingia kwenye akaunti yake mara moja na kuendelea na shughuli zake bila kuulizwa neno la siri kila hatua.

Malalamiko yalikuja baadaye, kwa sababu ukurasa mmoja hukusanya vitu kutoka seva nyingi. Video inatoka YouTube, ramani inatoka Google, msimbo wa matangazo unatoka Meta, kampuni ya Facebook. Kila mojawapo ya seva hizo inaweza kuweka kidakuzi chake yenyewe, na hivyo ndivyo vinavyoitwa vidakuzi vya mtu wa tatu. Kampuni moja ya matangazo iliyopachikwa kwenye tovuti ya habari, kwenye duka la viatu na kwenye ukurasa wa ushauri wa afya inaweza kuziunganisha ziara zote tatu za mtu mmoja. Inajua anasoma nini, ananunua nini na anaumwa nini, ilhali yeye hajui hata kwamba amekutana nayo. Sheria za ridhaa zimetungwa kwa ajili ya mtu huyo.

Kanuni iliyoenea sana duniani ilitoka Umoja wa Ulaya. Mwaka 2002 Umoja huo ulitoa Agizo la Faragha katika Mawasiliano ya Kielektroniki, na ibara yake ya 5, kifungu cha 3, ndiyo inayogusa vidakuzi. Mwanzoni ilitosha mgeni apewe taarifa na nafasi ya kukataa. Marekebisho ya mwaka 2009 yaligeuza utaratibu huo: mwenye tovuti alitakiwa kwanza apate ridhaa, ndipo aweke kidakuzi. Nchi wanachama zilipewa hadi tarehe 25 Mei 2011 kuyaingiza mabadiliko hayo katika sheria zao. Kisha, tarehe 25 Mei 2018, ikaanza kutumika Kanuni Kuu ya Ulinzi wa Data, inayojulikana kwa kifupi cha GDPR, ambayo ilieleza kwa ukali zaidi ridhaa ni kitu gani.

Ibara ya 5 ya Agizo lile la 2002 haihusu vidakuzi peke yake. Inahusu kuhifadhi au kusoma taarifa yoyote kwenye kifaa cha mtu. Kwa hiyo mwenye tovuti anayeacha vidakuzi na kuhamia kwenye hifadhi ya ndani ya kivinjari, au kwenye vipicha visivyoonekana vinavyoitwa pikseli, hajatoka nje ya sheria. Yaliyosamehewa ni mawili tu: kinachohitajika ili mawasiliano yenyewe yapite, na kile ambacho ni cha lazima kabisa ili mtu apate huduma aliyoiomba mwenyewe. Kikapu cha ununuzi, kidakuzi cha kuingia kwenye akaunti, kidakuzi cha usalama wa fomu ya malipo na kile kinachokumbuka lugha aliyoichagua mgeni vinaingia katika msamaha huo. Matangazo hayaingii. Ulazima unapimwa kwa haja ya mgeni, na haja ya biashara kujua wateja wake haihesabiwi.

Ridhaa nayo ina masharti manne. Iwe ya hiari, maana yake mtu asipate hasara kwa kukataa. Iwe mahususi, yaani ridhaa ya kuhesabu wageni isigeuzwe kuwa ridhaa ya matangazo. Itolewe baada ya mtu kuelezwa. Na itolewe kwa kitendo kilicho wazi. Kunyamaza hakuhesabiki, na kuendelea kusoma au kuteremsha ukurasa hakuhesabiki; Bodi ya Ulaya ya Ulinzi wa Data ililisema hilo bayana katika mwongozo wake wa Mei 2020.

Kesi iliyoondoa ubishi ilianzia Ujerumani. Mwaka 2013 kampuni ya Planet49 iliendesha bahati nasibu mtandaoni. Mshiriki alipojaza jina na anwani, chini yake alikuta visanduku viwili vya maelezo. Kimojawapo, kilichohusu vidakuzi vya kufuatilia mwenendo wake, kilikuwa tayari kimewekwa alama ya vema. Asiyetaka ilibidi aiondoe mwenyewe. Shirikisho la vyama vya watumiaji la nchi hiyo likaenda mahakamani, na shauri likafika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya. Tarehe 1 Oktoba 2019 mahakama iliamua kwamba alama iliyowekwa na mwenye tovuti haiwezi kuwa ridhaa ya mgeni. Iliongeza mambo mawili yanayosahaulika mara nyingi. Kwanza, sharti la ridhaa linabaki hata kama taarifa inayohifadhiwa si taarifa binafsi. Pili, mgeni lazima aambiwe kidakuzi kitadumu muda gani na kama kuna watu wengine watakaoweza kukisoma.

Sheria hizi za mbali zinaifikia Afrika Mashariki kwa njia iliyo wazi. GDPR, katika ibara yake ya 3, inamgusa pia mtu aliye nje ya Ulaya iwapo anawauzia bidhaa au huduma watu walioko huko, au anafuatilia mwenendo wao. Tovuti haihesabiki hivyo kwa sababu tu inaweza kufunguliwa kutoka Ulaya. Kinachoangaliwa ni dalili za nia, kama vile lugha na sarafu inayotumika. Kampuni ya utalii ya Arusha yenye ukurasa wa Kijerumani, bei za safari za Serengeti kwa euro na tangazo la kulipia linaloonyeshwa kwa watu wa Munich na Hamburg ina dalili hizo zote. Hoteli ya Nungwi inayopokea nafasi za vyumba kutoka Italia kupitia ukurasa wa Kiitaliano iko katika hali hiyohiyo.

Nyumbani nako sheria zipo. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, ikaanza kutumika tarehe 25 Novemba mwaka huo, na inasimamiwa na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Inataja vitambulisho vya mtandaoni kuwa miongoni mwa mambo yanayoweza kumtambulisha mtu, na inataka ridhaa iwe ya wazi, ya hiari na ya kitendo. Mzigo wa kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa inamwachia aliyekusanya taarifa. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikazinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Aprili 2024. Wakusanyaji na wachakataji wa taarifa wanatakiwa kujisajili kwa Tume hiyo. Uganda ina sheria yake ya mwaka 2019, na Rwanda ya mwaka 2021. Sheria hizi hazikuandikwa kwa ajili ya vidakuzi peke yake, lakini kidakuzi kinachobeba namba ya kumtambulisha mtu kinaingia ndani yake sawasawa na daftari la majina ya wateja.

Kazi ya mwenye tovuti inaanza kwa kujua kilichomo ndani ya tovuti yake, na hapo ndipo wengi hushangaa. Ukaguzi wa kwanza hauhitaji mtaalamu. Tovuti inafunguliwa kwenye kompyuta kwa dirisha la hali fiche, ili vidakuzi vya zamani visichanganye mambo, na mkaguzi anaacha bango la kuomba ridhaa kama lilivyo, bila kubofya chochote. Kisha anabonyeza kitufe cha F12. Sehemu ya zana za watengenezaji inafunguka. Kwenye Chrome, vidakuzi viko chini ya kichupo cha Application, na kwenye Firefox viko chini ya Storage. Hapo inatokea jedwali: safu ya majina, safu ya tovuti inayomiliki kila kidakuzi, safu ya tarehe za kuisha.

Katika tovuti ya kawaida ya biashara ndogo, jedwali hilo linaweza kuwa na mstari wa PHPSESSID, ambao ni kidakuzi cha kikao cha seva, na kikao kikiisha nacho kinaisha. Chini yake kuna _ga, kidakuzi cha Google Analytics cha kumtofautisha mgeni na mgeni, ambacho kwa kawaida huwekewa muda wa miaka miwili. Kuna _fbp, kidakuzi cha pikseli ya Meta, cha siku 90. Ikiwa mistari hiyo miwili ya mwisho imeonekana kabla mgeni hajajibu lolote, tovuti hiyo haina ridhaa, hata kama bango lake limeandikwa kwa lugha tamu na rangi za kuvutia. Jibu liliombwa baada ya kitendo kutendeka.

Kosa hilo ndilo kubwa kuliko yote, nalo hutokea hata mahali ambapo mwenye tovuti hana nia mbaya. Mtengenezaji wa tovuti aliweka msimbo wa kuhesabu wageni siku ya kwanza. Miaka miwili baadaye mtu mwingine akaongeza bango. Hakuna aliyeviunganisha vitu viwili hivyo. Bango linaonyesha kitufe cha kukataa, lakini kitufe hakizimi kitu. Mgeni anabofya “Kataa” na kuondoka akiamini ameheshimiwa, huku namba yake ikiendelea kwenda Marekani. Huko ni kumdanganya mtu, na neno laini zaidi ya hilo halifai.

Baada ya kuvijua vidakuzi, hatua inayofuata ni kupunguza. Kwa kila mstari wa jedwali kuna swali moja la kujibiwa: nani katika biashara hii anaitumia taarifa hii, na kwa uamuzi gani? Pikseli ya kampeni ya matangazo iliyokwisha zamani haina sababu ya kubaki. Kitufe cha mtandao wa kijamii ambacho hakuna anayekibofya hakina faida, ila kina wajibu: katika kesi ya duka la mavazi la Fashion ID, tarehe 29 Julai 2019, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mwenye tovuti aliyepachika kitufe cha kupenda cha Facebook anawajibika pamoja na Facebook kwa taarifa zinazokusanywa na kupelekwa huko kupitia ukurasa wake. Kusema “hizo ni za Facebook, si zangu” hakukubaliwi tena.

Mengi yanaweza kubadilishwa bila hasara. Ramani iliyopachikwa inaweza kuwa picha ya ramani yenye kiungo. Anayetaka maelekezo atabofya. Video inaweza kuwekwa kama picha tuli, na mchezeshaji wa YouTube akapakiwa pale tu mgeni anapobofya baada ya kuelezwa. Kiungo cha kawaida cha WhatsApp, ambacho ndicho njia kuu ya mawasiliano kwa wafanyabiashara wengi wa Dar es Salaam na Mombasa, hakiweki kidakuzi kwenye tovuti. Programu kubwa za mazungumzo zinazoelea pembeni mwa ukurasa mara nyingi huweka. Kuhesabu wageni nako kunaweza kufanywa kwa zana kama Plausible, isiyotumia vidakuzi, au Matomo, inayoweza kusimikwa kwenye seva ya mwenye tovuti na kurekebishwa isiviweke. Nchini Ufaransa, mamlaka ya ulinzi wa data iitwayo CNIL inasamehe vidakuzi vya takwimu iwapo vinamtumikia mwenye tovuti peke yake, vinatoa takwimu zisizomtambulisha mtu, na havimfuatilii kutoka tovuti hadi tovuti. Baadhi ya nchi nyingine za Ulaya hazina msamaha kama huo, kwa hiyo anayehudumia wateja wa nchi kadhaa hufuata sharti lililo kali zaidi.

Vinavyobaki vinagawanywa katika mafungu: vya lazima, vya mapendeleo, vya takwimu na vya matangazo. Vya lazima vinaelezwa lakini haviombewi ruhusa. Mafungu mengine yote yanazimwa tangu mwanzo. Kwa lugha ya kazi, msimbo wa kila zana unafungwa usipakiwe hadi programu ya ridhaa itoe ishara. Wanaotumia WordPress wana programu-jalizi kama Complianz na CookieYes zinazofanya kazi hiyo. Wanaojenga wenyewe wana Klaro, ambayo msimbo wake uko wazi na ni wa bure. Zana hizi husaidia, ila hakuna inayoondoa wajibu wa kukagua. Programu-jalizi isiyolitambua tangazo fulani italiacha lipite, na anayewajibika atabaki mwenye tovuti.

Bango lenyewe halina haja ya kuwa refu. Maneno kama haya yanatosha kwa tovuti ndogo: “Tovuti hii inatumia vidakuzi vya lazima ili ifanye kazi. Ukiruhusu, tutatumia pia vidakuzi vya kuhesabu wageni na vya matangazo ya Meta. Ukikataa, utaendelea kutumia tovuti kama kawaida.” Chini yake vinakaa vitufe vitatu: Kubali, Kataa, Chagua. Kubali na Kataa vinakuwa na ukubwa mmoja, kwenye safu moja, vyote vikisomeka vizuri. Anayebofya Chagua anakuta kila fungu likiwa limezimwa, pamoja na majina ya kampuni zinazopokea taarifa na muda wa kila kidakuzi. Ukurasa ukiwa wa Kiswahili, bango liwe la Kiswahili. Ukiwa wa Kijerumani, liwe la Kijerumani. Mtu hawezi kusemwa ameridhia jambo aliloelezwa kwa lugha asiyoielewa.

Usawa wa vitufe si suala la mapambo. Mwezi Januari 2022 CNIL ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook. Sababu ilikuwa kwamba kukubali kulihitaji kubofya mara moja, na kukataa kulihitaji kubofya mara kadhaa. Kabla ya hapo, Desemba 2020, Google ilitozwa milioni 100 na Amazon milioni 35, kosa mojawapo likiwa vidakuzi vya matangazo vilivyowekwa bila ridhaa. Desemba 2024 kampuni ya simu ya Orange ilitozwa milioni 50 kwa makosa mawili, na moja kati yake lilikuwa kuendelea kusomwa kwa vidakuzi baada ya mtu kuondoa ridhaa yake. Septemba 2025 ikafuata faini ya milioni 150 kwa duka la Shein, ambalo pamoja na makosa mengine liliweka vidakuzi mgeni alipofika tu, na milioni 325 kwa Google. Faini hizo zinapimwa kwa ukubwa wa kampuni, lakini makosa yenyewe ni yaleyale yanayopatikana kwenye tovuti ya duka la mtaani: kuweka kabla ya kuuliza, kuficha kitufe cha kukataa, na kutotekeleza jibu.

Ridhaa ikishatolewa inawekewa kumbukumbu. Kinachohitajika ni tarehe na saa, mafungu yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa, na toleo la maneno ya bango lililoonekana siku hiyo. Si lazima kumbukumbu hiyo ibebe jina la mtu. Kukusanya taarifa mpya ili kuthibitisha ulinzi wa taarifa kungekuwa kuharibu kazi. CNIL inapendekeza chaguo la mgeni, liwe kukubali au kukataa, likumbukwe kwa miezi sita. Katika muda huo haifai kumsumbua kwa swali lilelile kila anaporudi. Aliyekataa akiulizwa kila siku, siku moja atakubali kwa kuchoka, na kukubali kwa kuchoka hakuna hiari ndani yake.

Kuondoa ridhaa kunatakiwa kuwe rahisi sawa na kuitoa. Njia ya kawaida ni kiungo kidogo chini ya kila ukurasa, chenye maneno “Mipangilio ya vidakuzi”. Mgeni akikifungua na kuzima fungu la takwimu, mambo mawili yatokee papo hapo: msimbo uache kupakiwa, na vidakuzi vya fungu hilo ambavyo tovuti ina uwezo wa kuvifuta vifutwe. Hili nalo linakaguliwa kwa jedwali lilelile la F12, likiangaliwa mara tatu: kabla ya jibu, baada ya kukataa, na baada ya kukubali kisha kughairi.

Pamoja na bango, tovuti inahitaji ukurasa wa maelezo ya vidakuzi. Ukurasa mzuri una jedwali la safu nne: jina la kidakuzi, anayekiweka, kazi yake na muda wake. Kunakili ukurasa wa tovuti nyingine ni tabia iliyozoeleka na yenye hatari, kwani maelezo yanayotaja vidakuzi visivyokuwepo na kuacha vilivyopo ni maelezo ya uongo, na mkaguzi anaweza kuyalinganisha na ukweli kwa dakika chache. Kuna pia suala la watoto: sheria ya Kenya, na ya Ulaya pia, inawapa ulinzi wa ziada. Tovuti ya shule, ya michezo au ya masomo inayotembelewa na watoto inafanya vizuri zaidi kutokuwa na vidakuzi vya matangazo kabisa, kuliko kuhangaika kupata ridhaa ya mzazi ambayo haiwezi kuithibitisha.

Nje ya Umoja wa Ulaya njia hazifanani. Uingereza, baada ya kujitoa katika Umoja, ilibaki na kanuni zake za faragha ya mawasiliano za mwaka 2003, na sheria ya mwaka 2025 ikapandisha kiwango cha juu cha faini kutoka pauni 500,000 hadi pauni milioni 17.5 au asilimia 4 ya mapato ya dunia nzima. California, Marekani, ilichagua njia nyingine. Sheria yake iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2020, na kuimarishwa mwaka 2023, kwa watu wazima haidai ridhaa kabla ya kidakuzi. Inampa mtu haki ya kusema taarifa zake zisiuzwe wala zisitolewe kwa wengine kwa ajili ya matangazo. Biashara zinazoguswa, ambazo aghalabu ni kubwa, lazima ziheshimu hata ishara inayotumwa na kivinjari chenyewe, iitwayo Global Privacy Control. Duka la vipodozi la Sephora lilipuuza ishara hiyo, na mwezi Agosti 2022 likakubali kulipa dola milioni 1.2 kumaliza shauri.

Ndani ya Umoja wa Ulaya kwenyewe mjadala unaendelea. Pendekezo la mwaka 2017 la kutunga kanuni mpya ya faragha ya mawasiliano halikufika mwisho, na Februari 2025 Kamisheni ya Ulaya ilitangaza kuliondoa. Mabango yamekuwa mengi hadi watu wanayafunga bila kuyasoma, na wanasheria wengi wanakubali kwamba hali hiyo haimlindi mtu kama ilivyokusudiwa. Hata hivyo, kuchoshwa na mabango hakujaifuta haki iliyo nyuma yake. Kanuni ya kuuliza kwanza ingali ndiyo sheria.

Kazi hii haiishi siku bango linapowashwa. Kila programu-jalizi mpya, kila video iliyopachikwa na kila kampeni ya matangazo inaweza kuleta kidakuzi ambacho hakikuwepo jana. Mwenye tovuti aliyepanga vizuri anakagua jedwali lake kila baada ya miezi michache na kila baada ya badiliko kubwa, na anamtaka fundi wake amweleze kwa maandishi ni nini kimeongezwa na kwa nini. Biashara inayomlipa mtu wa nje kuijengea tovuti inafaa iandike sharti hilo kwenye mkataba, kwa sababu mamlaka ikija, itamuuliza mwenye biashara.

Njia ya uhakika kuliko zote ni kukusanya kidogo. Tovuti yenye vidakuzi vya lazima pekee haihitaji bango la ridhaa. Inatosha iwe na maelezo mafupi na ya kweli. Inafunguka haraka zaidi kwenye simu yenye intaneti dhaifu, haimlipishi mgeni bando la msimbo wa matangazo, na haina faini ya kuogopa. Inayohitaji zaidi ya hapo iulize kwanza, ikubali jibu lolote, na ilitekeleze. Mwenye tovuti ambaye bado hajafungua jedwali la vidakuzi vyake alifungue leo, kabla hajatumia shilingi nyingine kwenye matangazo.